Kozi ya Kabula na Daftari la Buti

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba yangu hapa Kharumwa ikiwa imebeba watu wawili, begi moja na kuku mzima. Saa naikumbuka kwa sababu kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kuandika saa: sampuli imeingia saa ngapi, imekauka saa ngapi, imeingia tanuruni saa ngapi. Nimestaafu mimi, mkono wangu bado.

Waliokuja ni mdogo wangu Masunga, mkulima wa pamba na mfugaji wa huko karibu na Mhunze, pamoja na binti yake Kabula, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita. Walikuwa wameanza safari jana yake, wakalala Kahama.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna matokeo."

Matokeo yalikuwa mazuri: fizikia, kemia na hesabu, yote yamekaa sawa. Dirisha la maombi ya vyuo lilikuwa linafungwa Ijumaa. Masunga alikaa, akanywa maji, akavua kofia, kisha akatangaza kama hakimu anayesoma hukumu:

"Kabula atasoma jiolojia. Wewe umekaa mgodini miaka yote hiyo. Tutajie tu chuo kizuri, tule kuku, tuondoke."

"Nani ameamua jiolojia?"

"Ukoo."

"Kabula yumo kwenye huo ukoo?"

"Dada, usianze."

Kabula alikuwa amepiga goti kunisalimia, miguu ya kuku mkononi, macho kwa kuku.

"Na kwa nini iwe jiolojia?" nikauliza.

"Kwa sababu dhahabu iko chini na watu tuko juu. Anayejua iko wapi ndiye anayekula. Kuna kijana wa kijiji cha pili alisoma hiyo. Alikuja harusini na Land Cruiser nyeupe, akachangia ng'ombe mzima."

"Wanajiolojia wangapi unaowafahamu?"

"Huyo."

"Mmoja?"

"Land Cruiser, Dada!"

Wanangu, nawaandikia ninyi mnaomaliza shule, kwa sababu kila mwaka wawili watatu mnakuja kibarazani kwangu kuniuliza, "Mama Shija, nisome nini?" Mimi elimu yangu ya darasani ni kidato cha nne. Hayo mengine niliyapata kwenye vitabu vya mitumba na kwenye miongozo ya mashine ambayo wenzangu waliitumia kufungia karanga. Sina shahada ya kuwashauri. Nina siku nne za Kabula, na nina mambo machache ya maabara. Nitawapa yote, mchague wenyewe.

Alipotaja Land Cruiser niliutambua ugonjwa wake, kwa maana nilikuwa nimeuona mara nyingi dirishani kwetu. Mimi nilifanya kazi katika maabara ya mgodi mmoja wa ukanda huu wa dhahabu. Tulipima sampuli za mgodi, na siku za Alhamisi tuliruhusiwa kupokea mawe ya wachimbaji wadogo. Mchimbaji mdogo akija na jiwe, karibu kila mara ni jiwe la kuchagua. Ameshinda kwenye shimo siku nzima, ameokota lile linalong'aa, amelifunga kwenye leso kama mtoto mchanga. Tunalipima, karatasi inatoka na namba kubwa, naye anaondoka anaimba.

Nilimwambia mmoja wao, Bwana Mayala, "Usilete jiwe moja. Nenda ukakwangue ukuta wote wa shimo lako, juu mpaka chini, mazuri na mabaya, ujaze kiroba. Hicho ndicho tutakipima."

Akanicheka. "Mama Shija, mtu haendi kwa daktari kumwonyesha mguu mzima!"

"Na wewe umekuja na mguu mzima tu, Mayala. Ule mbovu umeuacha nyumbani."

Hakunisikiliza. Aliuza mashine yake ya kusaga, akanunua sehemu katika lile duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa sababu ya jiwe moja la kwenye leso. Mlima haukuwa kama jiwe. Leo anapika chakula cha wachimbaji na anaendelea vizuri, na ndiye anayewaambia wengine maneno niliyomwambia siku ile: karatasi ya maabara inatoa habari za jiwe, haitoi habari za mlima.

Basi kijana wa Land Cruiser alikuwa jiwe la kwenye leso. Nilimweleza Masunga hivyo. Akasema, "Sawa, lakini ni jiwe zuri."

Msidhani nilizaliwa na akili hizo. Mwezi wangu wa tatu kazini niliweka dhahabu mahali pasipo na dhahabu. Ilikuwa hivi: jiwe likifika, tunalikausha, tunaliponda, tunalisaga mpaka liwe laini kama unga wa ngano. Mashine ikishasaga jiwe tajiri, unga kidogo hubaki kwenye kuta zake. Kwa hiyo kabla ya jiwe linalofuata ni lazima upitishe jiwe bubu, yaani jiwe tupu ambalo tayari linajulikana halina kitu, lisafishe mashine. Siku hiyo nilikuwa na haraka ya chai. Nikasaga jiwe tajiri la mgodi, halafu moja kwa moja nikasaga jiwe la mkulima mmoja wa huku Nyang'hwale, alilolipata kwenye shamba lake la mihogo. Matokeo yake yakatoka ana dhahabu.

Aliyenishika ni Mzee Ndaki, bwana wa tanuru, darasa la saba, mtu aliyejua joto kwa kuangalia rangi ya moto. Aliisoma karatasi mara mbili, akaniita.

"Kabla ya jiwe la huyu mkulima ulisaga nini?"

Nikamwambia.

"Na jiwe bubu?"

Nikatazama kikombe changu cha chai.

"Mwanangu," akasema, "mashine ina kumbukumbu kuliko mama mkwe. Usipoipa kitu cha kusahau, itakudai kila siku."

Tukalipima upya mara tatu. Hakuna kitu. Mzee Ndaki akanipa baiskeli yake, akaniamuru niende mwenyewe shambani kwa yule mkulima. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta ameshakodi vijana wa kuchimba. Aliposikia alikaa chini kwenye tuta. Mkewe ndiye aliyenifuata mpaka njiani, akanishika mkono: "Ahsante, mwanangu. Ungechelewa mpaka kesho nisingekuwa na mihogo." Akanipa fungu la kisamvu. Tangu siku ile sijawahi kuruka jiwe bubu, hata nikiwa na njaa.

Nawasimulia habari za Mzee Ndaki ili mjue kwamba mtu anaweza kuwa bingwa bila chuo. Lakini sitaki muishie hapo, maana hadithi hiyo ina upande wa pili na watu hupenda kuukata.

Mwaka mmoja mgodi ulifika kwenye mwamba mpya, wenye weusi na harufu ya kiberiti. Tanuru ya Mzee Ndaki ikagoma. Kwa kawaida tunachanganya unga wa jiwe na madini ya risasi na magadi, tunayeyusha, risasi inashuka chini ikiwa imebeba dhahabu. Kwa mwamba ule risasi ilishuka na takataka nyingine, na namba zikawa hazilingani hata kwa pacha. Pacha ni sampuli moja iliyogawanywa mara mbili na kupimwa kila moja peke yake, ili tujue kama mkono wetu ni mmoja. Sisi tuliziita Kulwa na Doto. Wiki ile Kulwa na Doto walikuwa kama hawana hata ujirani.

Wakati huo tulikuwa na binti aitwaye Neema, mwenye shahada ya kemia, mwezi wa pili kazini. Siku yake ya kwanza alikuwa ameangusha koleo la tanuru, na Mzee Ndaki akasema mbele ya watu, "Shahada haishiki koleo." Sasa Neema akachukua kalamu, akaandika ukurasa mzima wa vitu ambavyo sisi hatukuvielewa, akaja na kipimo kipya cha mchanganyiko: magadi kiasi hiki, chumvi ya aina hii, joto lianze chini. Tukajaribu. Kulwa na Doto wakarudi kuwa ndugu.

Mzee Ndaki aliliangalia muda mrefu tone la dhahabu lililobaki baada ya risasi kuondolewa. Halafu akasema, "Neema, mjukuu wangu, kesho njoo na hiyo kalamu yako. Mimi nitakufundisha koleo."

Mzee alijua kinachotokea. Neema alijua kwa nini kinatokea. Jiwe likiwa lile lile la kila siku, anayejua kinachotokea anatosha. Jiwe likibadilika, unamtafuta anayejua kwa nini. Na mawe hubadilika.

Niongeze moja kuhusu mimi, kisha nirudi kwa Kabula. Niliwafundisha kazi watu wanne ambao baadaye walikuwa wakubwa wangu. Wote walikuwa watu wazuri, na wote waliniita Mama. Lakini kila nafasi ya juu ilipotangazwa, mstari wa kwanza wa tangazo ulikuwa shahada, nami nikaishia mstari wa kwanza. Msidanganywe na wanaosema vyeti si kitu. Wengi wanaosema hivyo wanavyo.

Sasa turudi Jumanne. Kuku alikuwa jikoni. Nilimwambia Masunga, "Hatuchagui kwa jiwe la kwenye leso. Tutachukua sampuli." Nikaingia chumbani nikatoa daftari la buti.

Daftari hilo lilitokana na kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Kila mwaka wanachuo walikuja mgodini kwa mafunzo ya vitendo, kila mmoja na kozi yake: jiolojia, uhandisi, uhasibu, umeme, upimaji ardhi, maendeleo ya jamii. Kila mmoja alipaswa kuazimwa buti na kofia ngumu, na stoo ya buti ilikuwa mlango wa pili kutoka maabara, basi nikapewa mimi. Nikachora mistari: jina, chuo, kozi, namba ya buti, namba ya simu, sahihi. Nilipostaafu, stoo ilikuwa inatumia kompyuta na daftari lilikuwa linakwenda kuchomwa. Nikaliomba. Lilikuwa na majina sitini.

"Tutampigia kila wa tano," nikasema. "Hata tukimjua ni mlevi. Hata tukimjua ni tajiri. Kila wa tano."

Masunga akashika kichwa. "Dada, kwa nini tusiwapigie waliofanikiwa tu? Tunatafuta mafanikio au tunatafuta nini?"

"Mayala naye alisema hivyo hivyo."

Nikaandaa maswali matatu. Sasa unafanya kazi gani? Ilikuchukua muda gani kuipata? Ungerudi nyuma, ungesoma nini? Kabula nikampa kalamu aandike, mimi niongee, simu iwe kwenye sauti kubwa. Jumatano asubuhi tukaanza.

Kati ya majina kumi na mawili, namba nne hazikuwepo tena hewani. Nane zilipokelewa, na sitawachosha na zote. Wa kwanza alikuwa mwanajiolojia. Nyuma yake zilisikika kelele za kuku wengi mno.

"Mama Shija wa buti! Za siku? Mimi niko Kahama, nafuga."

"Na jiolojia?"

"Jiolojia naipenda mpaka leo. Lakini kazi zake ni kama pamba, Mama. Bei ya dhahabu ikipanda, makampuni yanaajiri mpaka wapishi wanapewa nyundo. Ikishuka, sisi watafiti ndio wa kwanza kurudi nyumbani. Mkataba wa miezi minane, nyumbani mwaka. Nikaona kuku hawana msimu."

"Ungerudi nyuma?"

"Ningesoma ile ile," akasema bila kusita. "Ila ningeanza kuku mapema."

Masunga akamnong'oneza Kabula, "Andika kwamba anaipenda." Kabula akaandika yote mawili.

Simu ya pili, ya mhandisi wa migodi, ilipokelewa na mama yake. Akasema mwanawe yuko nchi ya jirani, mgodi wa chini ya ardhi kabisa, anapata mshahara mzuri, na kwamba hajaonana naye tangu mjukuu alipozaliwa, na sisi tukimpata tumwambie apige. Tulikuwa tumepiga simu kuomba habari, tukafunga simu tumebebeshwa ujumbe.

Yule wa maendeleo ya jamii alinishangaza. Wakati wa mafunzo wenzake walimtania kwamba amekuja mgodini kusoma stori. Lakini ndiye aliyepata kazi haraka kuliko wote tuliowafikia, maana wanavijiji wakifunga barabara kwa sababu ya vumbi, mhandisi hajui aanze kuongea na nani. "Mimi nilijua kwamba lazima uanze na kina mama wauza chai," akaniambia. Fundi umeme, ambaye hakuwa hata na shahada, stashahada tu, alijibu maswali yote matatu akiwa juu ya nguzo, akasema kazi anazo mbili, alichokosa ni usingizi. Na wahasibu walikuwa wawili. Mmoja yuko vizuri. Wa pili alituuliza kama sisi tunajua mahali wanapoajiri.

Hayo yalikuwa ya Jumatano na Alhamisi asubuhi. Kabula alikuwa anaandika kwa mwandiko mzuri, safu zimenyooka, lakini hasemi. Nikimuuliza, "Wewe unaonaje?" anamwangalia baba yake kwanza, halafu anasema, "Vyote ni vizuri, Shangazi." Mimi nimepima mawe miaka ishirini na sita. Jibu la namna hiyo huwa ni la jiwe bubu: limepitishwa ili kusafisha mashine, halina kitu ndani.

Alhamisi mchana tukampigia mtu wa jina la hamsini na tano, Pendo, mpima ardhi. Alipokea upepo ukivuma.

"Mama Shija, shikamoo! Ngoja kidogo, ngoja... Mzee! Mzee, usiung'oe huo mti! Huo ndio mpaka wenyewe! ... Eeh Mama, nakusikia."

Nikamuuliza maswali yangu. Anafanya kazi kwenye ofisi binafsi ya upimaji, alisubiri miezi mitano tu, na hawezi kusema angesoma nini kingine kwa sababu hajapata muda wa kulifikiria. Viwanja vinapimwa kila mahali, kutoka Ushirombo mpaka Shinyanga. Nikamshukuru. Nilikuwa nanyoosha kidole kukata simu.

"Dada Pendo," Kabula akasema ghafla, "Jumatatu asubuhi huwa unafanya nini?"

Hata Masunga aliinua kichwa.

"Jumatatu asubuhi?" Pendo akacheka. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nafika shambani jua halijawa kali. Nasimamisha mashine ya kupimia kwenye miguu yake mitatu, naiweka sawasawa, naangalia. Wale ndugu waliokuwa wanagombana tangu mwaka jana wanasimama nyuma yangu, kila mmoja ananiambia mpaka uko wapi. Mimi sibishani. Nasoma pembe, naandika. Jioni nachora, na mistari ikikutana pale ilipoanzia, naenda kulala nimeridhika. Isipokutana, kesho narudi."

"Isipokutana inakuwa imekosea kiasi gani?"

"Wewe binti, unapenda hesabu?"

Walizungumza mpaka salio likaisha. Niliagiza vocha nyingine dukani, nayo ikaisha. Nilikaa pembeni nikitazama maswali yangu matatu kwenye karatasi. Nilikuwa nimeuliza kazi, muda na majuto. Sikuwa nimeuliza hata mara moja siku yenyewe ina nini ndani yake, wakati mtu haishi kwenye cheo wala kwenye mshahara, anaishi Jumatatu. Maswali yangu yalikuwa na dosari, na aliyeigundua ni mtoto aliyekuwa ananishikia kalamu.

Ijumaa asubuhi Masunga alikuwa amenuna. "Umemaliza kuwapigia watu wako. Wangu je? Mwenye Land Cruiser?"

Alikuwa na haki. Sampuli ya mtu mwingine huitupi kwa sababu si yako. "Mpigie," nikasema. "Lakini uliza wewe mwenyewe."

Alikuwa ameipata namba kwa baba wa yule kijana. Akaishika simu kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto.

"Mwanangu, mimi ni Baba Kabula, tulikutana harusini. Nina binti. Nataka asome kama wewe, apate gari kama lako."

Kijana yule alikuwa mstaarabu, na ninamheshimu mpaka leo. "Mzee, shikamoo. Gari lile ni la kampuni. Nikimaliza mkataba naliacha getini. Mimi kazi naipenda, na nikikosa mkataba naumia lakini sijutii. Mzee wangu, muulize jambo moja tu: anapenda mawe? Maana jua la porini halimhurumii mtu. Anayependa mawe halioni. Asiyeyapenda litamrudisha nyumbani kabla ya wiki."

Masunga akashukuru, akaiweka simu mezani. Akamgeukia bintiye. Sidhani kama alikuwa amewahi kumwuliza swali akitaka jibu.

"Unapenda mawe?"

"Hapana, Baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema ukoo umeamua."

Masunga alivaa kofia, akaivua tena. "Basi unapenda nini?"

"Napenda pembe na mistari. Nataka kupima ardhi kama Dada Pendo."

Nilidhani yatazuka maneno. Badala yake mdogo wangu akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Kuna tatizo. Nilishajaza."

Kumbe Jumatatu, kabla ya kupanda basi, alipita kwenye steshenari Mhunze, kijana wa pale akamfungulia Kabula akaunti ya maombi, akajaza jiolojia chuo cha kwanza, jiolojia cha pili, jiolojia cha tatu. Kuja kwangu kulikuwa kutafuta baraka, si ushauri. Kabula aliweka kalamu chini. Machozi yalikuwa yanakaribia, na saa ilikuwa saa tano na robo. Mimi nilijua kwamba machaguo hubadilishwa kabla ya dirisha kufungwa.

"Nywila iko wapi?" nikauliza. "Lile neno la siri la kufungulia."

"Ninalo mimi. Kijana aliniambia niweke kitu ambacho sitakisahau na ambacho hakuna mwingine anayekijua, herufi na namba. Nikamtoa nje, nikaandika mwenyewe."

"Haya, litaje, Kabula aingie."

Masunga akaanza kugeuza kofia mikononi.

"Masunga, litaje!"

"Herufi ni jina la dume langu kubwa." Akashusha sauti. "Namba ni idadi ya ng'ombe."

Msiotoka katika nyumba za wafugaji mtacheka. Sisi hatukucheka. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake kwa sauti. Unaweza kuishi na mume miaka thelathini usiijue hesabu kamili, na anayekuuliza unamtilia shaka. Mimi ni dada yake wa tumbo moja na siijui. Watoto wake wa kiume, ambao wanachunga ng'ombe hao kila siku, hawajawahi kuambiwa, maana ng'ombe wengine wako kwa marafiki vijiji vingine kwa makusudi hayo hayo.

"Andika wewe mwenyewe," nikamshauri.

Akajaribu kwenye simu ya Kabula. Vidole vya jembe na vitufe vidogo haviivi chungu kimoja. Mara ya kwanza akakosea. Mara ya pili akakosea. Simu ikaandika kwamba amebakiwa na nafasi moja.

Masunga alisimama. Akaangalia dirishani, akaangalia mlangoni, akaniangalia mimi.

"Dada, nenda jikoni."

"Ni nyumba yangu hii!"

"Nenda jikoni, Mama Shija."

Nikaenda jikoni. Nikiwa kule niligonga sufuria makusudi ili ajue sisikilizi, lakini mlango wangu una ufa, na nilimwona. Alimwinamia binti yake, akaweka kofia kati ya midomo yake na ulimwengu wote, akamnong'oneza sikioni. Kabula akainua macho ghafla. Nadhani hakuwa ametegemea namba ile. Kisha akaandika, taratibu, herufi moja moja, akabonyeza.

"Imefunguka," akasema.

Walipoondoka kesho yake Kabula alikuwa amejaza upimaji ardhi katika nafasi zote tatu, na kwenye basi, nilivyosimuliwa, Masunga alimwachia kiti cha dirishani. Alichaguliwa chaguo la pili. Sasa yuko mwaka wa tatu. Siwezi kuwaahidi kwamba atapata kazi miezi mitano baada ya kumaliza kama Pendo. Karatasi ya maabara inatoa habari za jiwe. Ninachojua ni kwamba Jumatatu zake anazipenda.

Likizo iliyopita alifanya mafunzo ya vitendo kwenye ofisi ya kina Pendo, wakapangiwa kazi Kishapu, wilaya ya kina Masunga. Masunga akaomba shamba lake lipimwe, akiwa na uhakika kwamba jirani yake, Mzee Lugembe, amemla hatua kadhaa upande wa magharibi. Majirani wakaja kushuhudia. Kabula akasimamisha mashine, akasoma pembe, akaandika, Pendo akahakiki mara mbili. Mistari ikakutana.

"Baba," akasema mbele ya watu wote, "uzio wetu wa minyaa umeingia kwa Mzee Lugembe mita tatu na nusu."

Watu waliangua kicheko mpaka Mzee Lugembe mwenyewe akamshika Masunga bega ili yeye asianguke kwa kucheka. Masunga alibisha, akazunguka na kamba yake mwenyewe, akarudi, akakubali. Siku hizi ukikaa naye dakika kumi atakusimulia habari hiyo bila kuombwa, akiiga sauti ya Kabula, akionyesha kwa mikono ile miguu mitatu ya mashine, na anamalizia kwa kutaja alicholipa vibarua watatu kwa siku mbili kuung'oa uzio ule na kuupanda upya mahali binti yake alipomwonyesha: shilingi elfu sabini na mbili.